Mguu umepungua, dawa bado: faida na hatari za dawa za kuzuia damu kuganda

SWALI: Mama yangu ana miaka 61, ninaishi naye Mwanza. Alivunjika mfupa wa paja, akafanyiwa upasuaji, na baada ya kama wiki mbili za kulala kitandani mguu wa kushoto ukavimba wote. Altrasaundi ya mishipa ilionyesha donge la damu kwenye vena kubwa ya paja. Alichomwa sindano za Clexane tumboni huku akianza vidonge vya warfarini miligramu 5, zote dawa za kuzuia damu kuganda. Mwisho wa wiki ya kwanza INR (kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, lengo likiwa 2 hadi 3) ilikuwa 1.6, sindano zikasimama. Wiki ya tatu aliharisha, akapewa Flagyl kwenye duka la dawa. Siku chache baadaye fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki, na INR ikasoma 5.1. Sasa ni wiki ya nne na uvimbe umekwisha. Daktari anataka kumhamishia kwenye rivaroksabani, kidonge kingine cha kuzuia damu kuganda. Mjomba anasema dawa ziachwe kabisa, mguu umepona na dawa ndizo zinazomtoa damu. Je, dawa hizi si hatari kuliko donge lenyewe? Aendelee hadi lini? Na mimi ninayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, nihofie?

JIBU: Pole kwa kuuguza. Nianze na la mjomba, maana ndilo linaloweza kutekelezwa leo jioni bila kumwuliza mtu: mama asiache matibabu. Kuruka warfarini siku moja au mbili kwa sababu INR imefika 5.1 ni sawa, na bila shaka daktari ameshaagiza hivyo. Kufunga matibabu katika wiki ya nne ni jambo jingine kabisa, na sababu yake ni kwamba hatari ya donge na hatari ya dawa haziendi kwa kasi moja. Ya donge ni kubwa sana mwanzoni, kisha inashuka wiki baada ya wiki. Ya kutokwa damu ipo kila siku ambayo mtu anameza dawa. Katika miezi mitatu ya kwanza faida inaizidi hatari kwa mbali. Baada ya hapo hesabu hubadilika, na kwa mgonjwa kama mama yako inabadilika kwa upande wa kuacha.

Uvimbe kwisha hakumaanishi kwamba mshipa umezibuka. Heparini (kundi la Clexane), warfarini na rivaroksabani haziyeyushi donge. Zinalizuia lisikue na kuzuia jingine lisianze, na mwili wenyewe ndio unaolimeng'enya polepole, kwa wiki na miezi. Mguu hupungua mapema kwa sababu damu imepata vena za pembeni za kupitia. Ukirudia altrasaundi leo huenda ukakuta mabaki ya donge bado yapo, na kwa wagonjwa wengi mabaki hayo huonekana hata baada ya miezi sita.

Sasa tazama kinachotokea bila dawa. Kipande cha donge la paja kikikatika hupanda hadi moyoni upande wa kulia, kisha husukumwa kwenye mapafu na kuziba huko. Mwaka 1960 madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, Barritt na Jordan, walichapisha jaribio la wagonjwa 35 waliokuwa tayari na donge la mapafu. Kati ya 19 ambao hawakupewa dawa, 5 walikufa kwa madonge ya mapafu na wengine 5 walipata madonge mapya ambayo hayakuwaua. Kati ya 16 waliopewa dawa hakuna aliyekufa kwa donge la mapafu. Walisimamisha sehemu hiyo ya jaribio kwa sababu kuendelea kuwanyima wengine dawa kungekuwa ukatili, na tangu hapo hakuna aliyelirudia. Kwa donge la paja, makadirio ambayo madaktari wameyatumia tangu miaka ya 1990 ni kwamba mtu akiachwa bila dawa katika mwezi wa kwanza, uwezekano wa donge kurudi ni kama asilimia 40, na katika miezi miwili inayofuata ni kama asilimia 10. Mama yuko ukingoni mwa hicho kipindi kibaya.

Upande wa pili wa mizani una takwimu nzuri zaidi. Jaribio la AMPLIFY la mwaka 2013 lilifuatilia wagonjwa wapatao 5,400 wenye madonge kwa miezi sita. Walioanzia sindano za enoksaparini (ndiyo Clexane) na kuendelea na warfarini walipata kutokwa damu kukubwa kwa asilimia 1.8. Waliotumia apiksabani, ndugu wa rivaroksabani, asilimia 0.6. Majaribio ya EINSTEIN ya rivaroksabani yakijumlishwa yalitoa asilimia 1.0 dhidi ya 1.7, na madonge yaliyorudi yalikuwa takriban sawa kwa pande zote, kama asilimia 2. "Kutokwa damu kukubwa" hapo kuna maana maalumu: wingi wa damu (hemoglobini) kushuka kwa gramu 2 au zaidi kwa kila desilita, kuongezewa chupa mbili za damu, au damu kuvujia mahali pabaya kama kwenye ubongo. Fizi za mama hazimo kwenye hesabu hiyo. Ni onyo, na onyo lenyewe lina chanzo kinachojulikana.

Ila nisikupambie. Wagonjwa wa majaribio huchaguliwa, hupimwa kwa wakati na hupigiwa simu. Nyumbani, ambako INR inapimwa pale nauli inapopatikana na dawa zinanunuliwa dirishani bila maswali, warfarini humwaga damu zaidi ya hapo. Na kutokwa damu kukubwa kukishatokea, takriban mtu mmoja kati ya kumi hufa. Kwa hiyo mjomba hakosei kuogopa. Anachokosea ni dawa ya hofu yake, kwa sababu sehemu kubwa ya hatari hiyo inazuilika, na kisa cha mama kinaonyesha wapi.

INR ya 5.1 ilitoka kwenye Flagyl, yaani metronidazoli. Warfarini huvunjwa na kimeng'enya cha ini ambacho metronidazoli inakizuia. Dozi ileile ya miligramu 5 ikawa kama kubwa zaidi, kwa sababu haikuwa ikitoka mwilini kwa kasi ya kawaida. Ongeza kuharisha na kutokula, ambavyo hupunguza vitamini K, na namba lazima ipande. Septrin (kotrimoksazoli) na flukonazoli hufanya hivyohivyo, tena kwa nguvu. Hii haina maana kwamba mtu wa warfarini hawezi kutibiwa maambukizi. Maana yake ni kwamba akianza dawa ya aina hiyo, INR ipimwe baada ya siku tatu hadi tano, na daktari aliyeandika warfarini ajue mapema ili apunguze dozi.

Kwa sasa: INR ikiwa kati ya 4.5 na 10 na mgonjwa hatoki damu, kinachofanyika kwa kawaida ni kuruka dozi moja au mbili na kupima tena baada ya siku moja hadi tatu. Kwa kuwa fizi za mama zinatoa damu, daktari anaweza kuamua kumpa vitamini K kidogo, miligramu 1 hadi 3. Usishangae akikataa kumpa nyingi. Miligramu 10 hurudisha INR chini haraka, lakini huifanya warfarini igome kwa siku nyingi baadaye, na mama atabaki bila kinga. Dozi kubwa ni ya mtu anayetoka damu ya kutishia maisha.

Kuna jambo katika barua yako linalonisumbua kuliko INR ya 5.1, nalo ni ile 1.6 ya wiki ya kwanza na sindano kusimamishwa hapohapo. Warfarini inazuia ini kutengeneza protini za kugandisha damu zinazotegemea vitamini K. Hizo protini hazipotei kwa pamoja. Hutajwa kwa namba: ya saba huisha ndani ya saa chache, ndiyo maana INR huanza kupanda mapema. Ya pili, ambayo ndiyo kinga yenyewe hasa, huchukua siku tatu na zaidi kupungua. Mbaya zaidi, protini C, ambayo kazi yake ni kuzuia damu kuganda, nayo hushuka katika siku za mwanzo. Kwa hiyo mtu aliyeanza warfarini peke yake anaweza kuwa rahisi zaidi kuganda damu kwa siku chache. Kanuni ina masharti mawili yanayotakiwa yote: sindano ziendelee angalau siku 5, na INR iwe 2 au zaidi kwa saa 24 zisizopungua. Siku 5 zikitimia na INR bado ni 1.6, sindano zinaendelea, hata ziwe siku 8 au 9. Familia nyingi huzikatisha hapo kwa sababu ya bei, na ni hapo hasa ambapo donge hurudi.

Angalia pia kadi au faili uone alichomwa kiasi gani. Dozi ya kutibu ya Clexane ni miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Mama wa kilo 70 anahitaji miligramu 70 asubuhi na 70 jioni. Miligramu 40 mara moja kwa siku ni dozi ya kuzuia donge kwa mtu aliyelazwa, haitoshi kutibu donge ambalo tayari lipo, na kosa la kuchanganya hizi mbili si la nadra. Figo zikiwa dhaifu sana, yaani uchujaji chini ya mililita 30 kwa dakika, dozi ya kutibu huwa miligramu 1 kwa kilo lakini mara moja tu kwa siku. Kama mama alipewa pungufu au sindano zilikatishwa, mwambie daktari kabla hajaandika rivaroksabani, maana jibu hilo linaweza kubadilisha dozi ya kuanzia.

Je, kumhamishia rivaroksabani ni wazo zuri? Kwa mgonjwa huyu, aliyepata donge baada ya upasuaji na ambaye INR yake imeyumba namna hii, mimi naliunga mkono. Haihitaji INR, haigombani na mchicha, na kwenye majaribio waliotokwa damu kukubwa walikuwa wachache kuliko wa warfarini. Tangu 2019 kundi hili la dawa limo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Lakini kuna mambo ya kuhakikisha kwanza.

La kwanza ni figo. Apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo), uchujaji ukokotolewe kwa umri na uzito wake. Chini ya 15 rivaroksabani haifai, kati ya 15 na 30 inahitaji uangalifu mkubwa, na hapo madaktari wengi hubaki na warfarini. La pili ni dawa nyingine anazotumia. Rifampisini ya kifua kikuu huivunja rivaroksabani haraka mno hadi mgonjwa anabaki kama hajameza kitu, na karbamazepini na fenitoini za kifafa hufanya vivyo hivyo. Efavirenzi nayo huipunguza. Dawa za virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri huipandisha hadi kiwango cha kutoa damu. Dolutegraviri haina tatizo hilo. Kama mama anatumia chochote katika hizi, asifiche kwa sababu ya aibu ya mbele ya watoto, aombe kuongea na daktari peke yake.

La tatu ni pesa, na hili watu hulipuuza. Warfarini hukaa mwilini siku kadhaa, kwa hiyo kukosa kidonge kimoja hakumwachi mtu wazi mara moja. Nguvu ya rivaroksabani huisha ndani ya takriban siku moja. Mkinunua vidonge vya wiki mbili kisha mkatafuta hela ya vilivyobaki kwa siku nne, hizo siku nne mama hana kinga yoyote. Kama hamna uhakika wa kununua hadi mwisho wa miezi mitatu, warfarini inayopimwa vizuri ni bora kuliko rivaroksabani ya kuungaunga.

Kuhama kwenyewe kuko hivi. Warfarini inasimamishwa. INR inapimwa hadi ishuke kufikia 2.5 au chini, ndipo kidonge cha kwanza cha rivaroksabani kinamezwa. Dawa hizi mbili hazimezwi pamoja hata siku moja. Mgonjwa anayeanza rivaroksabani tangu siku ya kwanza ya donge hutumia miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, halafu miligramu 20 mara moja kwa siku. Mama akiwa ameshapita wiki tatu za matibabu yaliyofanya kazi, kwa kawaida huanzia kwenye 20. Ikiwa wiki hizo zilikuwa na pengo kama nililolitaja, daktari anaweza kuamua aanze na 15 mara mbili. Akishaanza, msirudi kupima INR ili kurekebisha dozi. Rivaroksabani huipandisha kidogo bila mpangilio, na namba itawapotosha.

Kidonge cha 15 au 20 kimezwe pamoja na chakula cha kweli, ugali na mboga au wali, si chai ya rangi peke yake. Tumbo likiwa tupu, kidonge cha 20 hufyonzwa kama theluthi mbili tu. Wanaofunga Ramadhani wakiwa kwenye dozi ya 20 hukimeza na futari kila siku. Walio bado kwenye 15 mara mbili wawaulize madaktari wao kabla ya kufunga, kwa sababu wiki tatu hizo si za kuchezea. Akisahau kidonge cha 20, akimeze akikumbuka siku hiyohiyo, na kesho aendelee kama kawaida bila kuongeza. Kwenye awamu ya 15 mara mbili ni tofauti kidogo: akikosa cha asubuhi anaweza kumeza viwili kwa pamoja ili siku isipite bila miligramu 30.

Kabla sijasahau: jirani mwenye ugonjwa wa moyo asiazimwe vidonge hivi. Wenye valvu za chuma hutumia warfarini tu. Jaribio la INVICTUS la 2022, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi na mapigo yasiyo na mpangilio, lilionyesha vifo vingi zaidi kwa waliopewa rivaroksabani kuliko waliobaki na dawa za kundi la warfarini. Na mwanamke mjamzito hapewi yoyote kati ya hizi mbili bila mtaalamu. Warfarini huharibu mtoto hasa kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa hiyo wajawazito wenye donge hutibiwa kwa sindano kama Clexane.

Ikiwa mtabaki na warfarini, lengo ni INR kati ya 2 na 3. Apimwe mara moja au mbili kwa wiki hadi namba itulie, kisha kila wiki mbili, kisha kila wiki nne. Ameze saa ileile kila jioni, kwa mfano saa 2 usiku, ili majibu ya mchana yakitaka dozi ibadilishwe, ibadilishwe siku hiyo. Someni miligramu kwenye pakiti kila mnaponunua na msitegemee rangi ya kidonge, kwa sababu rangi hutofautiana kwa kiwanda na nchi. Akisahau, ameze akikumbuka kabla ya usiku wa manane, vinginevyo aiache, aiandike kwenye daftari, wala asimeze mbili kesho yake.

Mboga za majani watu huzipiga marufuku bure. Mchicha, matembele, kisamvu, majani ya kunde na spinachi zina vitamini K nyingi, na vitamini K inapingana na warfarini. Tatizo ni kubadilika ghafla. Mama akizoea bakuli dogo la matembele mara nne kwa wiki, dozi yake itapangwa juu ya hilo bakuli. Akiacha ghafla, INR inapanda. Akianza ghafla unga wa mlonge kila asubuhi kwa sababu ameambiwa unaongeza damu, INR inashuka. Tangawizi na kitunguu saumu vya kupikia havina neno. Vidonge vya kitunguu saumu, mitishamba ya chupa na pombe ndivyo vya kuacha.

Rudi sasa kwenye maumivu, kwa sababu mfupa wa paja unauma na mama atatafuta nafuu. Hapa ndipo watu wa dawa hizi, iwe warfarini au rivaroksabani, hupata majanga mengi. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hukwaruza tumbo na kuzidhoofisha chembe sahani zinazoziba jeraha, hivyo zikikutana na dawa ya kuzuia damu kuganda, damu ya tumbo inakuwa suala la muda. Sindano ya diklofenaki ya takoni ni mbaya maradufu: juu ya hayo, inatoboa msuli, na damu huweza kukusanyika ndani ya paja au tako hadi mtu apungukiwe damu. Akienda kwenye duka la dawa aseme mapema kwamba hachomwi sindano ya msuli. Parasetamoli ndiyo yake. Akiwa kwenye warfarini na akaihitaji zaidi ya gramu 2 kwa siku kwa siku kadhaa mfululizo, INR ipimwe. Ikiwa haitoshi, daktari ana dawa nyingine za maumivu zisizogusa damu.

Kwa watu wa kanda ya ziwa naongeza swali ambalo mara nyingi haliulizwi: je, mama aliwahi kutapika damu, kutibiwa kichocho cha tumbo, au kuambiwa bandama limekuwa kubwa? Kichocho cha muda mrefu huweza kuziba mishipa ya ini na kutunisha vena za koo la chakula, nazo zikipasuka mtu hutapika damu nyingi hata bila dawa yoyote. Mtu wa namna hiyo hukaguliwa kwa kamera ya tumbo na kufanyiwa hesabu upya. Mwenye vidonda vya tumbo naye aseme, atibiwe bakteria wake kama wapo, na apewe dawa ya kupunguza tindikali. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa ni mlango wa damu ya ubongo, kwa hiyo vidonge vya presha visirukwe hata siku moja katika miezi hii.

Mguu wenyewe usichuliwe kwa mafuta ya moto wala usifungwe kwa bendeji ya kukaza. Hakuna faida, na katika wiki za mwanzo unaweza kukisukuma kipande. Kutembea kwa kadiri mfupa unavyoruhusu ni kuzuri. Soksi za kubana hazizuii madhara ya baadaye kama ilivyodhaniwa zamani, lakini zikimpunguzia uzito wa mguu, avae.

Mpelekeni hospitali usiku huohuo bila kusubiri kliniki akipata pumzi fupi ya ghafla, maumivu ya kifua yanayochoma akivuta hewa, kuzimia au kukohoa damu: hayo ni ya donge la mapafu. Na akipata kinyesi cheusi kinachong'aa kama lami na chenye harufu kali, matapishi kama mashapo ya kahawa, mkojo mwekundu, kichwa kuuma ghafla kuliko alivyowahi kuumwa, kulegea upande mmoja, au akianguka na kujigonga kichwa hata kama anaongea vizuri: hayo ni ya damu. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya kinyesi kiwe cheusi, lakini huwa kikavu na hakinuki vile, na wingi wa damu haushuki. Nendeni na pakiti ya dawa mkononi. Warfarini hutenguliwa kwa vitamini K na plazma, lakini vitamini K haifanyi lolote kwa rivaroksabani, na mhudumu wa zamu hawezi kujua ni ipi kwa kumtazama mgonjwa. Kabla ya kung'olewa jino au upasuaji wowote, daktari wa meno aambiwe, na mama asijiachishe dawa mwenyewe kwa ajili ya miadi hiyo.

Aendelee hadi lini? Donge lililoletwa na upasuaji mkubwa hutibiwa miezi mitatu. Hapa sababu inajulikana na imepita, na baada ya kuacha, uwezekano wa donge kurudi ni kama asilimia 1 katika mwaka wa kwanza na asilimia 3 hivi kwa miaka mitano. Kwa mtu aliyepata donge bila sababu yoyote inayoonekana mambo ni tofauti sana, kama asilimia 10 mwaka wa kwanza na zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi, ndiyo maana huyo huambiwa aendelee bila tarehe ya mwisho. Mama hayuko kwenye kundi hilo. Miezi mitatu ihesabiwe tangu siku alipoanza kinga kamili, si tangu siku ya altrasaundi kama sindano zilikuwa pungufu. Daktari anaweza kuiongeza ikiwa bado hatembei, akifanyiwa upasuaji mwingine wa mguu huo, au saratani ikigunduliwa. Siku ikifika, rivaroksabani inaachwa tu, hakuna kupunguza kidogokidogo. Mguu ukivimba tena katika wiki zinazofuata, altrasaundi irudiwe na ilinganishwe na ya kwanza, kwa sababu mabaki ya zamani hufanana sana na donge jipya.

Kuhusu wewe: donge la mzazi lililotokana na upasuaji halikubebeshi hatari kubwa. Shirika la Afya Duniani linaiweka historia ya donge kwa mzazi, ndugu au mtoto katika daraja la 2 kwa vidonge vyenye estrojeni, yaani kwa kawaida faida inazidi hatari. Kama una miaka 35 au zaidi na unavuta sigara, au umewahi kupata donge wewe mwenyewe, omba njia isiyo na estrojeni, kama kitanzi, kijiti au vidonge vya homoni moja. Na ukipangiwa upasuaji mkubwa, mwulize daktari kuhusu kuacha vidonge vyenye estrojeni wiki nne kabla, huku ukipewa njia nyingine ya kukukinga na mimba katika muda huo.